UZI: Waliovua kombati wakaingia kwenye filamu na uandishi. Waliingilia mlango gani?

Mlinda Zamu (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kazi yangu ni kusoma miswada ya filamu na tamthilia kabla haijafika kwa mwenye hela. Kuna aina moja ya muswada naitambua kabla sijamaliza ukurasa wa tatu: ule wa mjeda aliyestaafu, au aliyetoka mapema akaingia uraiani na ndoto ya filamu. Unaanza na helikopta. Kuna kapteni ambaye risasi zinamkwepa, kuna gaidi mwenye kovu shavuni, kuna mrembo aliyetekwa. Mwandishi amekula jeshi miaka ishirini, lakini humo ndani hakuna mstari hata mmoja ambao kijana wa Mbagala asingeuandika kwa kukesha banda umiza.

Ukimpigia simu kumweleza kwamba haujapita, mkaanza kupiga stori, hapo ndipo anatoa mali. Jinsi kuruta anavyojifunza kulala amesimama. Nani anapangiwa lindo la saa nane usiku, na alikosana na nani mpaka akapangiwa. Koplo aliyekuwa anajua mshahara umeingia kabla benki haijajua. Unabaki unajiuliza haya yote aliyaficha wapi wakati anaandika.

Uzi huu ni kwa ajili yao. Nitataja watu ambao historia zao ziko wazi, mwone walivyovuka. Nishani haikumvusha mtu, na sura nzuri iliwavusha wachache mno. Wengi waliingia kwa sababu walijua jambo ambalo hakuna mwingine kwenye seti nzima aliyelijua, na karibu wote kuna mahali walikaa darasani.

Naanza na R. Lee Ermey, mzaliwa wa Kansas, 1944. Aliingia Marine, lile jeshi la Marekani la kushambulia kutokea baharini, akiwa bado kijana mdogo. Kati ya 1965 na 1967 alikuwa mkufunzi wa kuruta pale San Diego, mwaka 1968 akapelekwa Vietnam, na 1972 jeshi likamtoa kwa sababu za kiafya. Akaenda Manila, akasoma chuo kwa fedha ambazo serikali ya Marekani humlipia aliyetoka jeshini. Akiwa hukohuko Ufilipino, mwongozaji Francis Ford Coppola akaja kupiga filamu yake ya Vietnam. Ermey akapata kasehemu ka rubani wa helikopta na kazi ya ushauri wa mambo ya kijeshi.

Miaka ikapita. Mwongozaji Stanley Kubrick anatengeneza Full Metal Jacket, filamu ya makuruta wa Marine iliyotoka 1987, na Ermey anaitwa kama mshauri tu. Nafasi ya mkufunzi ilikuwa imeshapewa mwigizaji mwingine. Ermey akajirekodi kwenye video akiwaporomoshea matusi vijana waliopangwa mstari kama makuruta, huku yeye mwenyewe anatupiwa machungwa na mipira ya tenisi, na hakukatika wala hakurudia tusi. Kubrick alipoitazama akampa nafasi. Na Kubrick huyu, aliyekuwa anarudia shoti moja hadi mwigizaji anataka kulia, alikuja kusema kwamba karibu nusu ya maneno ya mkufunzi yule yalitoka kwa Ermey mwenyewe.

Tazameni kilichomwingiza: lugha. Namna mkufunzi anavyotukana, anavyopumua katikati ya tusi, anavyochagua nani wa kuanza naye. Hicho huwezi kumfundisha mwigizaji kwa wiki mbili.

Nitaendelea. Karibuni.

Kuruta wa Zamani

Nimekaa siti ya mbele. Mkuu umenikumbusha mkufunzi wetu wa depo, alikuwa anatukana kwa methali. Ukikosea kwata anakupa methali, halafu anakuuliza maana yake ukiwa umeshikilia bunduki juu ya kichwa. Mpaka leo nikisikia "mtaka cha mvunguni" mabega yanauma.

Mlinda Zamu

@Kuruta wa Zamani afande, hiyo uliyoandika hapo juu ni bora kuliko miswada mingi niliyosoma mwaka huu. Usiifute.

Twende kwa Dale Dye. Huyu alikaa Marine miaka ishirini, 1964 hadi 1984, akatoka na cheo cha kapteni. Vietnam alikwenda na kujeruhiwa. Alipotoka alikuwa na hasira moja tu: filamu za vita alizokuwa anaziona zilimkera. Watu wanashika silaha vibaya, wanatembea wamebanana porini, wamenyoa vizuri. Akafungua kampuni yake, Warriors, Inc., awafundishe waigizaji kuwa askari.

Mlango ulifunguliwa na mwongozaji Oliver Stone, aliyekuwa anajiandaa kupiga Platoon, filamu yake ya Vietnam, huko Ufilipino mwanzoni mwa 1986, kipindi kilekile Rais Marcos wa huko anaangushwa. Dye aliwachukua waigizaji akawaingiza porini kama majuma mawili. Walichimba mahandaki, wakala chakula cha makopo, wakapangiwa zamu za usiku, na usiku akawalipulia baruti ili wasilale. Akawatoa porini akawapeleka moja kwa moja mbele ya kamera. Ule uchovu mnaouona usoni mwa Charlie Sheen na Willem Dafoe haukupakwa na mtu wa vipodozi.

Dye akaanza kupewa sehemu za kuigiza, maana ukishasimama kwenye seti kila siku na sauti ya amri, mwongozaji anachoka kutafuta mwingine. Kwenye Saving Private Ryan (1998) aliwapeleka waigizaji kwenye kambi ya matope na mvua, lakini Matt Damon akaachwa nyumbani makusudi, ili wenzake wamchukie. Filamu nzima inahusu watu wanaomtafuta kijana ambaye hawaoni kwa nini wafe kwa ajili yake, basi ile chuki ndogo ikawa imeshapatikana bila muswada. Huyo ndiye mjeda anayefikiri kama mwongozaji. Alijua kikosi kinavyomchukia mtu aliyesamehewa fatiki, zile kazi za sulubu za kambini.

Binti wa Kigamboni

Kaka Mlinda Zamu mimi nakupinga kidogo. Unasema walivuka kwa walichokijua. Huyo Oliver Stone alikuwa mwandishi kabla hajawa askari! Aliacha chuo cha Yale, akaandika riwaya akiwa na miaka kumi na tisa, wachapishaji wakaikataa, ndipo akajiandikisha jeshini. Kwa hiyo kipaji kilikuwepo. Jeshi lilimpa tu stori. Wapo maelfu waliokuwa Vietnam na hawakuandika hata barua.

Mlinda Zamu

@Binti wa Kigamboni dada, hoja yako ina nguvu na ndiyo maana nilimtaja. Lakini fuata miaka yake. Vietnam alikuwa kuanzia 1967 hadi 1968, akajeruhiwa mara mbili. Alirudi New York, akaingia shule ya filamu ya chuo kikuu cha NYU kwa msaada wa fedha za waliotoka jeshini, mmoja wa walimu wake akiwa Martin Scorsese. Alihitimu 1971. Aliendesha teksi. Muswada wa Platoon aliuandika 1976, miaka minane baada ya kutoka vitani. Ukakataliwa miaka kumi. Wakati huo aliandika muswada mwingine usiohusu vita kabisa, Midnight Express, ukampa Oscar, na bado ule wa vita hakuna aliyeutaka. Ulipotoka 1986 ukachukua Oscar nne, ikiwemo ya filamu bora na ya mwongozaji bora, kwa bajeti ya kama dola milioni sita.

Angalia alichofanya na kipaji hicho. Riwaya aliyoandika kabla ya jeshi ilikataliwa. Kilichopita ni siafu, kubeba mzigo, kuchimba shimo usiku na kusinzia kwenye lindo. Ile sehemu ambapo askari anayetakiwa kuwa macho anasinzia na adui yuko mbele yake, raia angeandika adui anaruka kutoka kwenye mti.

Mpwani wa Kilifi

Salamu kutoka Kenya. Uzi ni mtamu lakini mbona wote ni Wamarekani? Askari wa Afrika waliandika mapema sana jamani.

Waruhiu Itote, yule aliyekuja kuitwa Jenerali China, alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akapigana Burma dhidi ya Wajapani. Kitabu chake Mau Mau General kilitoka 1967 na sehemu za Burma ndizo ningependa kuona kwenye filamu: mazungumzo yake na askari Mwingereza aliyemuuliza anapigania nini hasa. Uganda kulikuwa na Robert Kakembo aliyeandika kijitabu akiwa bado jeshini wakati wa Vita vya Pili, kikachapishwa 1946, akieleza askari Mwafrika anataka nini akirudi nyumbani. Bildad Kaggia naye alipelekwa Mashariki ya Kati na jeshi la Waingereza, akaandika kumbukumbu zake.

Na upande wa sanaa tunaye wetu wa Pwani, Fundi Konde. Jeshi lilimchukua kwenye kikosi cha burudani cha KAR. Baada ya vita ndipo wanamuziki wa kikosi hicho wakatengeneza ile bendi ya Rhino Boys. Hapo jeshi lilikuwa shule ya sanaa kabisa.

Mzee wa Upanga

Mpwani kasema vyema. Na hapa Tanzania nasi tulikuwa na njia hiyohiyo ila imegeuzwa. Hatukungoja askari aache jeshi awe msanii, msanii alivalishwa sare. Mwenge Jazz ya JWTZ, Kimulimuli ya JKT, mpiga gitaa ana namba ya jeshi na anakwenda gwaride asubuhi, usiku yuko jukwaani. Kwa muziki ilifanya kazi sana. Kwa filamu haikufika huko, na sijaona aliyeieleza sababu vizuri. Nadhani gitaa unaweza kulipiga kambini ukiwa na wenzako sita tu. Filamu inadai kamera, maabara, wahariri, ukumbi.

Lakini nilitaka kuwaletea mtu mwingine, maana mnazunguka Hollywood mnamruka aliyeanzia hapahapa Dar es Salaam. Roald Dahl, yule mwandishi wa vitabu vya watoto. Alikuja Tanganyika 1938 akiwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza Kiswahili. Vita vilipotangazwa Septemba 1939 alipewa askari wa KAR, akaambiwa wawazuie Wajerumani wa hapa mjini wasitoroke kwenda Msumbiji ya Wareno. Mwaka huohuo akaenda Nairobi akajiunga na jeshi la anga la Uingereza, akajifunza urubani hukohuko. Septemba 1940 ndege yake ilianguka jangwani Afrika Kaskazini. Alivunjika fuvu, pua ikaharibika, akawa haoni kwa muda.

Baadaye, akiwa ubalozi wa Uingereza mjini Washington mwaka 1942, mwandishi C. S. Forester alimwendea amsimulie vita ili yeye Forester aandike. Walikwenda kula, stori ikawa ngumu kuandikwa mezani, Dahl akasema nitakuandikia mwenyewe vidokezo. Forester alipovisoma akaona hakuna cha kugusa, akavipeleka vilevile. Jarida la Saturday Evening Post likachapisha mwezi Agosti. Huyo akawa mwandishi tangu siku hiyo, na akaja kuandika muswada wa filamu ya James Bond iliyotoka 1967.

Mlinda Zamu

@Mzee wa Upanga shikamoo mzee wangu. Umeleta mfano mzuri na una pilipili ndani yake. Jarida liliipa makala ile kichwa kinachosema ametunguliwa. Ukweli ni kwamba mafuta yalikuwa yanakwisha, giza linaingia, kiwanja alichoelekezwa hakukiona, akajaribu kutua jangwani akagonga. Hakuna adui aliyemgusa. Kwangu mimi kijana anayezunguka juu ya jangwa akiangalia geji ya mafuta, akijua ameelekezwa pasipo, anatisha kuliko kutunguliwa. Ila mhariri wa 1942 alitaka helikopta, kwa lugha ya muswada niliowaambia mwanzo.

@Mpwani wa Kilifi, Afrika nilikuwa nakuja. Kwangu mkubwa wa wote katika njia hii ni Ousmane Sembène.

Alizaliwa Ziguinchor, kusini mwa Senegal, 1923. Alikuwa mvuvi, akawa fundi wa ujenzi, na 1944 Wafaransa wakamwingiza jeshini, wale walioitwa tirailleurs. Alitumikia Niger. Baada ya vita akaenda Ufaransa, akafanya kazi ya kupakua meli bandarini Marseille, akaumia mgongo, akasoma vitabu vya chama cha wafanyakazi hadi akawa mwandishi. Riwaya ya kwanza, Le Docker noir, ilitoka 1956. Ya mgomo wa reli ilitoka 1960 na ndiyo iliyompa jina.

Sasa hapa ndipo wengi tungetulia, tuitwe mabingwa wa fasihi. Yeye akajiuliza ndugu zake kule Casamance, kwao kusini mwa Senegal, wanasoma Kifaransa gani. Mwaka 1962, akikaribia miaka arobaini, mwandishi mwenye jina, akaenda Moscow kukaa darasani akifundishwa kamera kwenye studio ya Gorky. Alirudi akapiga Borom Sarret, filamu ya kama dakika ishirini kuhusu mwendesha mkokoteni wa Dakar. Ikafuata La Noire de… ya 1966, na Mandabi ya 1968 ambayo watu wanazungumza Kiwolof.

Ile ya jeshi ilichelewa kuliko zote. Tarehe 1 Desemba 1944, kwenye kambi ya Thiaroye nje ya Dakar, askari Waafrika waliotoka kupigania Ufaransa, wengine wakiwa wamefungwa na Wajerumani, walidai malimbikizo yao ya mishahara. Jeshi la Ufaransa likawafyatulia risasi alfajiri. Hesabu rasmi ilitaja vifo 35 na watafiti wengi wanaamini walikuwa wengi kuliko hapo. Sembène akishirikiana na Thierno Faty Sow alitoa Camp de Thiaroye mwaka 1988, kwa fedha za Senegal, Algeria na Tunisia, bila senti ya Ufaransa. Ilipata tuzo maalumu ya majaji Venice, na Ufaransa ikakaa miaka bila kuiona kwenye kumbi zake. Mwaka 2024 Rais Macron ndiye aliyekubali kwa maandishi kwamba yalikuwa mauaji ya halaiki.

Kutoka 1944 hadi 1988 ni miaka 44. Na filamu yenyewe inazungumzia nini? Chakula kibovu cha kambini. Kiwango cha kubadilishia fedha. Sare walizonyang'anywa. Sajenti anayependa muziki wa jazi akifukuzwa kwenye baa kwa sababu ni Mwafrika. Risasi zipo mwishoni tu.

Binti wa Kigamboni

Hapo kwenye malimbikizo umenigusa, baba yangu ni mtumishi wa umma 😅

Sawa, nakubali Sembène. Swali: wanawake je? Au jeshi na filamu ni la wanaume tu?

Mlinda Zamu

Yupo Bea Arthur, mwigizaji wa televisheni Marekani. Mwaka 1943 alijiunga na kikosi cha wanawake cha Marine, akawa mpiga taipu na dereva wa lori, akatoka 1945 na cheo cha sajenti. Uzeeni aliwahi kukana kabisa kwamba alikuwa jeshini, na nyaraka zake zikatoka baada ya kifo chake. Sijui alikuwa anamficha nani.

Alikosoma ndiko kunakonivutia. Baada ya vita aliingia Dramatic Workshop ya New York, chini ya Erwin Piscator, Mjerumani aliyewakimbia Wanazi. Shule hiyohiyo ilipata Tony Curtis na Harry Belafonte, wote wawili wametoka jeshi la majini, na Walter Matthau kutoka jeshi la anga. Ndiyo, Belafonte huyuhuyu aliyeimba Malaika na Miriam Makeba. Mlipaji alikuwa sheria moja ya 1944: aliyetoka vitani analipiwa ada hadi dola 500 kwa mwaka, na asiye na familia anapewa dola 50 kwa mwezi za kujikimu. Hadi 1956 walikuwa wamesoma karibu watu milioni nane kwa mpango huo, wengi ufundi na vyuo vya kawaida, na weusi wa Kusini wakifungiwa milango mingi. Lakini sehemu ndogo iliyoangukia kwenye uigizaji ilibadilisha sinema za Marekani. Ukimwondoa Bea Arthur na kipaji chake, ada bado ilitakiwa kulipwa na mtu.

Kuruta wa Zamani

Hapo sasa. Sisi tukitoka tunapewa kiinua mgongo, ndugu wote wanajua tarehe, bodaboda mbili na banda la kuku, kwisha. Nani atasoma filamu?

Mtarajiwa

Habarini wakubwa zangu. Mimi niko kikosini bado, sisemi wapi. Naandika vitu vidogo vidogo kwenye daftari. Nina maswali kwa Mlinda Zamu au yeyote. La kwanza, naruhusiwa kuandika? La pili, nianze na kuigiza au kuandika? La tatu, nikitoka niende moja kwa moja kutengeneza filamu ya mapigano, maana nina wenzangu kama nane tunaweza kuigiza bila kulipwa?

Mama Kamera

Mdogo wangu Mtarajiwa, la tatu nakujibu mimi, maana nimefanya kazi ya mavazi kwenye seti miaka mingi na nimeona watu wakilia.

Kombati huwezi kwenda kununua Kariakoo ukapige nayo filamu. Mwaka 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia wote wenye mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo wayasalimishe. Kuvaa kwenye filamu kunahitaji ruhusa yao, na wakikupa ruhusa watataka kusoma muswada. Juu ya hapo kuna kibali cha Bodi ya Filamu, sheria yake ni ya 1976, hicho ni cha kila filamu. Usipige kwanza ukaombe baadaye. Nilishuhudia watu wakipiga siku nzima maeneo ya pori huku wamevaa mabaka na bunduki za mbao, wanakijiji wakapiga simu polisi. Kamera zilikaa kituoni muda mrefu kuliko tulivyokaa sisi.

Sasa nikwambie siri ya sisi watu wa bajeti ndogo. Andika mjeda aliye likizo. Yuko nyumbani Tabora, amevaa msuli, mkewe amezoea kulala peke yake na sasa kuna mtu anaamka saa kumi kufanya usafi kwa kelele. Watoto wanamwogopa. Hakuna sare hata moja, hakuna bunduki, na kila mtu atajua ni mwanajeshi kwa jinsi anavyokunja shuka.

Mlinda Zamu

@Mama Kamera chukua maua yako. Hiyo ni filamu, mtu aiandike.

@Mtarajiwa, la kwanza. Ukiwa kikosini muulize mkubwa wako kwa utaratibu wa kwenu, usinisikilize mimi wa mtandaoni. Ipo Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 na haina mzaha na habari zilizowekwa siri. Mipango, maeneo, idadi ya watu, silaha, operesheni, viache kabisa, hata kwenye daftari. Lakini jinsi ulivyojisikia siku ya kwanza kunyolewa nywele si siri ya taifa.

La pili, anza kuandika. Kuigiza kunahitaji wengine wakuite. Daftari halimwiti mtu. Ila usiandike filamu kwanza. Andika kurasa mbili tatu za mtu mmoja anayeongea, halafu umsomee mwenzako mmoja unayemwamini, usikie anacheka wapi na ananyamaza wapi.

Nawe unayefikiria kujiigiza mwenyewe, msome Audie Murphy. Askari aliyepewa nishani nyingi kuliko karibu wote katika jeshi la Marekani la Vita vya Pili. James Cagney aliona picha yake kwenye jalada la jarida la Life 1945, akamwita Hollywood. Kitabu cha maisha yake cha 1949 alikiandika kwa msaada mkubwa wa rafiki yake mwandishi, na 1955 studio ikataka kukipiga filamu. Alisita, akapendekeza apewe Tony Curtis. Mwishowe aliigiza mwenyewe, akarudia mbele ya kamera siku ambazo rafiki zake walikufa. Filamu ikaingiza mapato makubwa sana. Yeye alikuwa halali usiku, bastola chini ya mto, akawa mtegemezi wa dawa za usingizi hadi akajifungia hotelini peke yake kuziacha. Baadaye alisema hadharani kuhusu hali hiyo ili wenzake wa Korea na Vietnam wasaidiwe, jambo ambalo shujaa wa zama hizo hakutarajiwa kulisema. Alikufa kwenye ajali ya ndege 1971, na miaka 45. Kwa hiyo kama kuna siku ulizoziona ambazo zinakuamsha usiku, usianze nazo. Anza na jikoni.

Binti wa Kigamboni

Na Adam Driver je? Huyo hakwenda vitani kabisa, na amefika mbali kuliko wote mliowataja upande wa kuigiza. Nadharia yako ya "walijua kitu" inakuwaje hapo?

Mlinda Zamu

Ulikuwa unanisubiri hapo, eh.

Driver alijiunga Marine baada ya Septemba 2001, akawa kwenye kikosi cha makombora ya mota pale Camp Pendleton. Kabla ya kujiunga alishaomba Juilliard, shule kubwa ya sanaa New York, wakamkataa. Miaka miwili na miezi kadhaa baadaye, kikosi chake kikijiandaa kwenda Iraq, akaanguka na baiskeli akavunjika mfupa wa kifua. Wenzake wakaenda, yeye akatolewa. Akaomba tena Juilliard, wakamchukua, akahitimu 2009.

Kwa hiyo ndiyo, stori ya vita hana. Lakini ameeleza mwenyewe kwamba kule Marine alijua maana ya kundi: watu usiowachagua, kila mmoja na jukumu lake, mmoja akizembea wote mnaumia. Akaikuta hiyohiyo kwenye jukwaa la tamthilia. Na alipokuwa bado mwanafunzi, yeye na Joanne Tucker, ambaye sasa ni mke wake, walianzisha shirika la kupeleka michezo ya kuigiza kwenye kambi za jeshi. Hawakupeleka michezo ya vita. Waigizaji wawili watatu, viti, hakuna mapambo, wanasoma vipande vya tamthilia za maisha ya kawaida mbele ya askari. Lilifanya kazi hadi 2023.

Kuruta wa Zamani

Hiyo ya kambini hata hapa inawezekana kabla ya jioni. Bwalo lipo, viti vipo, na watu wa kuchekesha kila kombania wapo. Kinachokosekana ni karatasi yenye maneno.

Mtarajiwa

Nimeandika ya kurasa tatu. Ni ya mtu anayegombania birika la chai na koplo wake. Niiweke hapa au nitume pembeni?

Mlinda Zamu

Pembeni, mdogo wangu. Toa jina la kikosi na cheo cha kweli cha huyo koplo kabla hujatuma. @Mama Kamera utaisoma na wewe?

Mama Kamera

Alete. Ila aniambie birika ni la bati au la aluminiamu, ndilo nitakalolitafuta.